Kutoka dirisha la benki hadi kalamu: wanaoijua pesa na wanaoisimulia

KATIKA Kianda, kijiji kilicho upande wa magharibi wa Kibera, jirani na mitaa ya Olympic na Ayany jijini Nairobi, hesabu ya fedha haianzii benki. Huanzia katika daftari la shule linalotunzwa na mweka hazina wa chama. Kila mwanachama ana mstari wake: jina, tarehe, kiasi alicholeta na alama ya kuonyesha kwamba amelipa. Palipokosekana alama hiyo, aghalabu pana kisa. Mtoto amelazwa hospitalini, mume hajalipwa mjengoni, banda limeungua, au mwenyewe amehama usiku bila kuaga. Mweka hazina huvijua visa hivyo vyote, na ni aibu kubwa kwake kuvitoa nje ya mkutano.

Kijiji chenyewe si kidogo. Watafiti waliokihesabu mlango kwa mlango mwishoni mwa miaka ya 2000 walipata wakazi zaidi ya 15,000. Sensa ya taifa ya mwaka 2009 iliandika watu 170,070 katika Kibera nzima, idadi iliyowashangaza wengi waliokuwa wamezoea kusikia kwamba Kibera ina watu milioni moja. Katika vijiji hivyo kuna maelfu ya madaftari ya aina hiyo, na hakuna anayeyachapisha.

Mweka hazina huyo wa chama na karani wa benki kubwa iliyoko katikati ya jiji wana jambo moja linalowaunganisha. Wote wawili huona pesa za watu wengine, na kwa kuziona pesa huona maisha. Karani anajua ni nani aliyetoa akiba yote siku ya Ijumaa, nani anayemtumia mwanamke wa mji mwingine fedha kila mwezi, na ni mzee gani wa kanisa aliyeshindwa kulipa mkopo. Fundi wa hadithi angelipa kupata mali ghafi kama hiyo. Hata hivyo, vitabu vilivyoandikwa Afrika Mashariki na watu waliofanya kazi za fedha ni vichache, na vinavyoingia ndani ya benki yenyewe ni vichache zaidi.

Mwandishi ambaye Wakenya wengi humtaja kwanza panapozungumzwa suala hili ni Kinyanjui Kombani, aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika benki ya Standard Chartered, kwenye shughuli za mafunzo ya wafanyakazi. Wasomaji wamempa lakabu ya "mwanabenki anayeandika", naye ameipokea kwa moyo mkunjufu. Riwaya yake ya kwanza, The Last Villains of Molo, ilitolewa mwaka 2004 na kuchapishwa upya na kampuni ya Longhorn mwaka 2012. Ilifuatwa na Den of Inequities mwaka 2013, kisha Of Pawns and Players mwaka 2018. Mwaka huohuo wa 2018 kitabu chake cha vijana, Finding Columbia, kilishinda Tuzo ya Burt ya fasihi ya vijana ya Afrika.

Anayevisoma vitabu hivyo akitarajia kuingizwa katika chumba cha kuhifadhia fedha atashangaa. Riwaya ya kwanza inahusu vijana waliokwepa kifo katika mapigano ya kikabila ya mwaka 1992 huko Molo, katika Bonde la Ufa, wakaja kujificha Nairobi katika mtaa wa mabanda wa Ngando. Ngando uko kando ya Barabara ya Ngong, upande wa Kawangware na Dagoretti, si mbali na uwanja wa mashindano ya farasi. Vijana hao wameyazika majina na lugha zao za nyumbani, na urafiki wao unasimama juu ya siri ambayo ikifichuka utavunjika. Riwaya ya pili inashughulikia mauaji yanayotekelezwa na polisi nje ya sheria, na umbali uliopo kati ya wenye nacho na wasio nacho katika jiji moja.

Ya tatu ndiyo inayokaribia kazi ya fedha. Of Pawns and Players inahusu michezo ya kubashiri matokeo ya mechi, biashara iliyovuma nchini Kenya baada ya mwaka 2014, simu ilipogeuka kuwa kaunta ya kamari. Ili kucheza hakuhitajiwa tena safari ya kwenda mjini. Dau lilitoka katika pochi ya simu, na ushindi, ulipotokea, ulirudi humohumo. Mwezi Julai 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni kadhaa za kubashiri, zikiwamo zilizokuwa kubwa kabisa, ikidai kodi na kulaumu madhara kwa vijana. Riwaya ilikuwa imetangulia kwa mwaka mmoja. Kombani aliitazama fedha kama mtu aliyeifahamu vyema, lakini alichagua kuitazama kutoka upande wa kijana asiye na akaunti ya maana, anayeamini kwamba hesabu ya Jumamosi moja itamtoa mtaani.

Uamuzi huo wa kuiacha benki nje ya riwaya haushangazi mtu anayezifahamu taratibu za kazi ya benki. Karani wa benki hafungwi na adabu peke yake, bali na sheria. Kesi inayonukuliwa tangu zamani katika nchi zinazofuata mapokeo ya sheria za Uingereza, Kenya ikiwa mojawapo, ni ile ya Tournier, iliyo katika ripoti za sheria za mwaka 1924. Kwa kuwa imesahauliwa na wengi nje ya vyumba vya mawakili, inafaa kuelezwa kidogo.

Tournier alikuwa mteja mdogo wa benki moja ya Uingereza, aliyedaiwa pauni 9 na ushei kwa kutoa zaidi ya alichokuwa nacho. Aliahidi kulipa pauni moja kila juma, akashindwa. Meneja wa tawi aligundua kwamba hundi iliyokuwa haki ya Tournier imeishia kwa mpokeaji wa kamari. Alimpigia simu mwajiri wa Tournier kutafuta anwani yake, na katika mazungumzo akamdokezea kwamba kijana huyo anacheza kamari. Tournier hakuongezewa mkataba wa kazi. Mahakama ya Rufani iliamua kwamba benki inawajibika kuhifadhi siri za mteja wake, na kwamba wajibu huo hauishi akaunti inapofungwa. Iliacha milango minne tu: sheria inapolazimisha, wajibu kwa umma unapodai, masilahi ya benki yenyewe yanapohitaji, au mteja mwenyewe anaporidhia.

Msomaji wa Of Pawns and Players ataona kwamba kisa cha Tournier chenyewe kingetosha riwaya: kijana, kamari, deni dogo na simu moja iliyomponza. Lakini aliyekuwa na haki ya kukiandika kisa hicho ni Tournier, si meneja.

Ughaibuni wapo waliotafuta njia ya kupita katikati. P. G. Wodehouse aliajiriwa mwaka 1900 katika ofisi ya London ya benki ya Hongkong and Shanghai, akavumilia miaka miwili, kisha akaondoka ili aishi kwa kalamu. Psmith in the City, kilichotoka kama kitabu mwaka 1910, kinaichekesha benki hiyohiyo kwa jina la kubuni. Wateja hawamo. Waliomo ni makarani, wakubwa wao na saa ya ukutani isiyotaka kusogea. Katika mji wa Trieste, uliokuwa chini ya Austria wakati huo, Ettore Schmitz alifanya kazi ya ukarani katika benki kwa karibu miaka 20 huku akiandika kwa jina la Italo Svevo. Riwaya yake Una vita ya mwaka 1892, aliyoichapisha kwa gharama yake mwenyewe, inamfuata karani kutoka kijijini anayekauka taratibu mbele ya barua za biashara. Haikununuliwa. Siku hizi Svevo huhesabiwa miongoni mwa waandishi wakubwa wa Italia, jambo ambalo halikumsaidia kitu alipokuwa akinakili barua.

Wawili hao waliandika juu ya mfanyakazi, wakamwacha mteja na siri zake. Afrika Mashariki haijapata kitabu cha namna hiyo kilichojulikana sana, na badala yake imepata vitabu vya magavana.

Benki Kuu ya Kenya iliundwa mwaka 1966, na gavana wake wa kwanza alikuwa mgeni, Leon Baranski kutoka Poland. Mwaka uliofuata alimpokea nafasi Duncan Ndegwa, Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho, naye alikaa hadi 1982. Kumbukumbu zake, Walking in Kenyatta Struggles, zilitoka mwaka 2006, takriban robo karne baada ya kuondoka kwenye kiti. Wakenya humkumbuka vilevile kwa tume aliyoiongoza mwaka 1970 na 1971, iliyopendekeza watumishi wa umma waruhusiwe kufanya biashara zao binafsi. Hadi leo wapo wanaoiona ruhusa hiyo kuwa mlango uliopitisha ufisadi mwingi, na yeyote anayekichukua kitabu hicho ana haki ya kwenda moja kwa moja kutafuta anavyoitetea.

Nchini Tanzania, Edwin Mtei alikuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu iliyofunguliwa Juni 1966. Miezi minane baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha lilitangazwa na benki za biashara zikataifishwa. Ndipo ilipoundwa Benki ya Taifa ya Biashara, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Amon Nsekela. Nsekela alipita njia ya kinyume na wengine: alikuwa mwandishi wa Kiswahili kabla ya kuwa mwanabenki, na kitabu chake Minara ya Historia ya Tanganyika kilikuwa kimetoka mwaka 1965. Inasikitisha kwamba mtu mwenye Kiswahili cha namna ile, aliyezipokea funguo za benki zote kubwa za nchi katika juma moja la historia, hakujulikana kwa riwaya juu ya siku hizo.

Mtei alikuja kuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hadi ilipovunjika mwaka 1977, kisha Waziri wa Fedha. Mwaka 1979 alijiuzulu baada ya kutofautiana na Mwalimu Julius Nyerere juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, hususan suala la kushusha thamani ya shilingi. Mwaka 1992 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha CHADEMA. Kitabu chake From Goatherd to Governor, kilichochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2009, kinaanza na utoto wa kuchunga mbuzi huko Marangu, Kilimanjaro. Kina thamani kubwa kwa anayetaka kujua sarafu za nchi zetu zilivyozaliwa. Lakini gavana anapoandika, benki huonekana kutoka ghorofa ya juu. Foleni iliyo chini haionekani, wala karani anayehesabu noti kwa kidole kilicholoweshwa.

Karani mmoja wa Benki Kuu ya Kenya aliingia katika historia kwa njia nyingine. David Sadera Munyakei alikuwa kijana wa miaka ya ishirini na ushei alipopangiwa kazi katika kitengo kilichoshughulikia malipo ya wauzaji wa bidhaa nje ya nchi. Serikali ilikuwa imeipa kampuni ya Goldenberg International fidia ya asilimia 35 ya thamani ya dhahabu na almasi ambazo ilidai kuziuza ng'ambo. Kenya ilikuwa na dhahabu kidogo tu, na almasi haikuwa nayo kabisa. Munyakei hakuhitaji kuwa mchumi kuona kasoro. Karatasi zilizopita mezani pake hazikulingana na taratibu alizofundishwa, na kiasi kilicholipwa kilikuwa kikubwa kupita kiasi.

Mwaka 1993 alizitoa nakala za hati hizo, zikawafikia wabunge wa upinzani Paul Muite na Peter Anyang' Nyong'o, na suala hilo likafika Bungeni. Kashfa ya Goldenberg ilifahamika kwa umma kwa njia hiyo. Munyakei alikamatwa, akashtakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali na kuwekwa rumande. Mashtaka yaliondolewa, lakini kazi hakurudishiwa. Alihamia Mombasa, akasilimu na kuoa huko, na miaka ya baadaye akarejea Narok akiishi maisha ya mtu asiye na kipato cha hakika. Serikali ilipobadilika na tume iliyoongozwa na Jaji Samuel Bosire kuundwa mwaka 2003, aliitwa kutoa ushahidi. Mwaka 2004 shirika la Transparency International lilimtunuku tuzo ya uadilifu. Alifariki dunia Julai 2006, akiwa hajafikisha miaka 40 na hajapata tena ajira ya kudumu.

Munyakei hakuandika kitabu chake mwenyewe. Aliyeandika ni Billy Kahora, mwandishi na mhariri wa kundi la Kwani?, katika simulizi lenye jina The True Story of David Munyakei. Kahora hakumchora kama shujaa wa sanamu. Alimfuata hadi alikokuwa akiishi, akamsikiliza akijigamba, akijikanganya na kurudia mambo, akaonyesha jinsi tendo moja la ujana linavyoweza kuyameza maisha yote yanayobaki. Kati ya vitabu vyote vilivyotajwa hapa, hicho ndicho kinachomweka msomaji karibu zaidi na meza ya karani wa benki nchini Kenya, nacho kimeandikwa na mtu asiyekuwa karani wa benki hiyo.

Ukikitazama kisa hicho kwa mizani ya Tournier, kuna jambo la kushangaza. Mlango wa pili ulioachwa na mahakama ya London, yaani wajibu kwa umma, ndio ambao Munyakei angeweza kuupita. Lakini hakushtakiwa kwa kuvunja siri ya mteja. Alishtakiwa kwa kutoa siri ya serikali, na sheria hiyo haikuwa na mlango wa namna ile. Makarani wenzake waliokuwa hai na wenye watoto wa kusomesha waliliona hilo. Haihitajiki nadharia ndefu kueleza kwa nini, katika miaka iliyofuata, vitabu vya makarani havikumiminika.

Wakati huohuo benki zenyewe zilikuwa zikibadilika. Katika miaka ya 1990 benki kubwa zilifunga matawi mengi ya mashambani na kupandisha kiwango cha chini cha kuweka katika akaunti, hivyo mkazi wa Kianda au Kawangware alikuwa mgeni katika kumbi hizo. Wengine waliziba pengo. Mwaka 1999 Ingrid Munro, raia wa Sweden aliyekuwa akiishi Nairobi, alianzisha Jamii Bora kwa wanawake 50 waliokuwa ombaomba, akiwataka waweke akiba kwanza ndipo wakope. Taasisi hiyo ilienea Kibera na kwingineko, ikageuka benki kamili mwaka 2010, na mwaka 2020 ikanunuliwa na Benki ya Ushirika na kupewa jina jipya la Kingdom Bank. Equity, iliyoanza mwaka 1984 kama chama cha ujenzi wa nyumba na kuwa benki mwaka 2004, iliwafungulia mlango watu ambao hapo awali wasingethubutu kuuliza bei ya akaunti.

Kisha mwezi Machi 2007 ikaja M-Pesa, na kuanzia mwaka 2010 kanuni za Benki Kuu ziliziruhusu benki kutumia mawakala. Kazi iliyokuwa ya karani mwenye tai ilihamia katika kibanda cha mabati chenye dirisha la wavu. Wakala wa Kianda hajasomea benki, na pengine huuza mkate na mafuta ya taa mahali hapohapo. Hata hivyo anamjua mama mboga anayeweka shilingi 200 kila jioni ili zisiliwe, na kijana anayezitoa fedha kabla ya mechi ya saa moja na nusu. Anajua pia ni nyumba ipi imeacha kupokea fedha kutoka kwa baba aliye Mombasa. Ujuzi ambao karani wa zamani aliupata kwa miaka mingi, wakala huupata kwa mwezi mmoja, na anaishi mlango wa tatu kutoka kwa wateja wake.

Katika miaka ya mwanzo ya huduma hiyo, kila wakala alitakiwa kuwa na kitabu kikubwa cha kumbukumbu. Mteja aliandikwa humo jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na kiasi alichoweka au kutoa, kisha akatia sahihi. Kitabu kililala wazi juu ya kaunta siku nzima, kalamu ikiwa imefungwa kwa uzi. Aliyeinama kutia sahihi kwenye mstari wake aliweza kusoma mstari wa jirani yake uliokuwa juu yake.